Mkabo na Neli Yake

Katika mashamba ya Karatu yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, ambako nyati na nguruwe-mwitu huingia mahindini usiku, bunduki ya marisau si kitu kigeni. Mtutu, kitako na mtambo majina tunayo. Lakini pale mtutu unapobanwa karibu na mdomo ili marisau yasitawanyike upesi, mfasiri huandika “choki”, neno lililo jirani mno na chaki ya mwalimu. Sisi twapendekeza mkabo, kutokana na kitenzi kaba. Katika bunduki ya namba 12, yenye tundu la milimita 18.5 hivi, mkabo mkali hulipunguza kwa kiasi cha milimita 1 tu.

Mikabo mingine ni sehemu ya mtutu wenyewe; mingine ni neli inayofungwa kwa hesi ndani ya mdomo. Hapo ndipo maneno “bila choki” yanapokuwa na hatari, kwani yamebeba mambo mawili. Mtutu usio na mkabo uliundwa hivyo, nao hufyatuliwa bila hofu. Mtutu uliofunguliwa neli haufai kufyatuliwa: hesi hubaki wazi, masizi hujaa humo, marisau huzikwaruza, na ukuta wa mtutu, ambao hapo ni mwembamba, waweza kutanuka hata kupasuka. Pengine bunduki itasalimika, lakini neli isiingie tena.

Kwa hiyo anayetafsiri maelezo ya matumizi na aandike: “Usifyatue kabla ya kufunga neli ya mkabo.”