Mzazi Anapougua: Kazi za Nyumbani na Watoto (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia bandarini Malindi, Unguja, mama akipanda boti kwenda kutibiwa saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Safari yenyewe ni saa mbili hivi. Kirefu ni kilicho mbele yake: mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi hutolewa siku 5 kwa wiki, na kwa kawaida huchukua wiki 5 au zaidi. Leo tubaki upande huu wa bahari, kwenye nyumba ya Mkunazini au ya Makunduchi walimoachwa watoto, baba yao, na bibi aliyeitwa aje kukaa nao.

Cha mwanzo kinachotokea humo ni ufagio kuhamia mkononi mwa binti mkubwa. Hakuna kikao kilichokaliwa. Akirudi skuli anakuna nazi, anakosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, na jioni chuoni haonekani. Kaka yake yuko Forodhani anapiga makachu.

Kaka huyo nilikuwa mimi. Mama alipolazwa nilikuwa na miaka 11, dada yangu 12, na sote tuliambiwa kwamba mama kenda kupumzika. Mimi nilitumwa dukani, mkate na mafuta ya taa, basi. Dada alirudia darasa mwaka ule. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza kama kazi ndiyo iliyomchosha. Akasema alichokuwa nacho moyoni ni kwamba hajui itakwisha lini, tena akidhani mama kaugua kwa sababu yeye hakuwa akimsaidia.

Wapo wanaosema mtoto asiguse kazi, ana haki zake. Kweli anazo. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, katika kifungu cha 31 unamwekea mtoto na wajibu, ukiwemo wa kuwasaidia wazee wake wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Mkataba huohuo, kifungu cha 12, unampa haki ya kupumzika na kucheza. Vifungu hivyo visomwe pamoja. Na hakuna palipoandikwa kwamba wajibu ni wa mtoto wa kike peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kugawa kazi, toeni habari. Ugonjwa utajwe kwa jina lake. Mtoto aambiwe kwamba hakuna alilofanya yeye lililouleta, na kwamba saratani haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Nimeona nyumba ambamo mama alirudi, watoto wakakatazwa kumkaribia eti ana mionzi. Mionzi inayopigwa na mashine kutoka nje haibaki mwilini. Akiwa na nguvu, ampakate mwanawe.

Kazi nayo iwe na jina na mwisho wake. "Saidia nyumbani" haina mwisho. "Wewe ni vyombo vya mchana, ukimaliza katembee" inao. Mdogo wa miaka 6 anaweza kurudisha sahani za majirani (na majirani, kwa hisani yenu, msimu huu sahani ikirudi tupu msinune). Wa miaka 10, mwanamume au mwanamke, anaweza kuchambua mchele na kufagia ua. Lakini kumgeuza mgonjwa, kumsafisha na kumpimia dawa ni kazi ya watu wazima: baba, shangazi, mama mdogo. Mtoto akikosea kipimo cha dawa, kosa hilo atalibeba miaka mingi.

Mama naye asivuliwe umama. Akirudi, uchovu wa mionzi unaweza kumkalia wiki kadhaa baada ya tiba kwisha, lakini kukagua daftari la hesabu akiwa kitandani anaweza, na kuuliza nani leo kaunguza wali pia anaweza.

Basi kina baba, boti haijang'oa nanga, kaeni kitako na watoto wote. Mwalimu wa skuli na wa chuoni waarifiwe siku hiyohiyo. Na kijana wa kiume aonyeshwe mbuzi ya nazi inakaliwa vipi.

Itaendelea.