Nyumbani ni Wapi? Mahali Wagonjwa Wasioponyeka Wanapopenda Kuuguzwa na Kufia

Daktari anapothibitisha kwamba saratani imesambaa na kwamba matibabu ya kuiondoa hayapo tena, jambo la kwanza linalofanyika katika hospitali nyingi za Tanzania ni kuwaita ndugu pembeni. Mjomba, kaka mkubwa au mume huingia ofisini, huelezwa, hutoka ameinamisha kichwa, na kabla ya jioni familia imekwisha kukubaliana kama mgonjwa atabaki wodini au atarudishwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye mwili na mwenye safari, huarifiwa tu juu ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Huo ni utaratibu wenye nia njema, lakini unaliruka swali ambalo wataalamu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyeponyeka, huliona kuwa la msingi: yeye angependa kuwa wapi?

Swali hilo limechunguzwa sana. Mwaka 2013 mtafiti Barbara Gomes na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 210 kutoka nchi mbalimbali. Katika sehemu kubwa ya tafiti hizo, walio wengi walisema wangependa kufia nyumbani. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa kwa kuwahoji wapita njia jijini Nairobi, takriban nusu yao walitoa jibu hilo hilo. Hata hivyo, jibu la mtu mwenye afya aliyesimamishwa barabarani lapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Anapotaja nyumbani, anakiwaza kitanda chake, sauti za watoto na harufu ya chakula kinachopikwa uani. Hayawazi maumivu ya saa nane za usiku wakati dawa imekwisha. Mapitio hayo hayo ya Gomes yalionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubadili chaguo lake kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kwa hiyo swali lililoulizwa mara moja, siku ya kutoa majibu ya vipimo, halijaulizwa vya kutosha.

Kwetu neno lenyewe lina mawili ndani yake. Nyumbani ni pale mtu anapoishi, na pia ni kwao, alikozaliwa na walikozikwa wazee wake. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, aliyetoka Kigoma kuja kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, amesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Pengine amefikia kwa binti yake aliyepanga chumba kimoja Mbagala. Akisema, "Nataka kurudi nyumbani," binti huweza kusikia chumba cha Mbagala, ilhali mama anakusudia Kigoma. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kumsafirisha mtu hai kwa basi, hata akiwa dhaifu, ni gharama ambayo familia nyingi huimudu; kusafirisha maiti kwa umbali huo ni mzigo unaoweza kuuza shamba. Wagonjwa wengi hulijua hilo kuliko wanavyodhani watoto wao, na wapo wanaotaka kuondoka mapema ili wasiwaachie deni. Daktari anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo "tusubiri wiki mbili zaidi" bila kumweleza hali ilivyo anaweza kumnyima nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kufika.

Kwa upande mwingine, ukimuuliza mgonjwa anayetaka kubaki hospitali ni kwa nini, mara nyingi hatataja hospitali kabisa. Atataja maumivu. Anaogopa kwenda mahali pasipo na dawa, na hofu yake ina sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni asilimia 14 tu wanaoipata.

Dawa yenyewe si ya ajabu wala si ghali. Mofini ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji safi, hunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa bila hiyo mgonjwa hufunga choo na kupata mateso mapya. Imani kwamba mofini ni "dawa ya kumalizia" imeenea hata miongoni mwa watumishi wa afya, nayo si sahihi: ikianzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa kwa kufuata maumivu, haiharakishi kifo. Kinachopungua ni mateso. Tatizo kubwa zaidi ni nani aliyeruhusiwa kuiandika. Uganda ililitambua hilo mapema, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wameruhusiwa kuiandika, hivyo dawa ikaweza kufika vijijini ambako daktari hayupo.

Wazo la hospisi, lililopata sura yake ya kisasa Cicely Saunders alipofungua St Christopher's jijini London mwaka 1967, lilipofika Afrika Mashariki halikujikita katika kujenga majengo yenye vitanda. Hospisi ya Nairobi iliyoanza mwaka 1990, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, na huduma za hapa nchini kama zile za Selian, Arusha, na Muheza, Tanga, ziliweka uzito katika kumfuata mgonjwa kwake. Muuguzi hufika na chupa ya dawa, humfundisha ndugu namna ya kupima dozi, husafisha kidonda, kisha hurudi tena. Pale ziara hizo zinapokuwapo, nyumbani huwa chaguo la kweli.

Yupo mtu mwingine ambaye husahaulika: anayeuguza. Mara nyingi ni binti au mkwe, aliyefunga genge lake au kuacha shule. Yeye ndiye anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, anayefua mashuka na kukesha. Si haki kumuuliza mgonjwa anataka kuwa wapi bila kumuuliza huyu anaweza nini. Baadhi ya wagonjwa huchagua wodi kwa sababu hiyo hasa, wamemwonea huruma binti, na chaguo hilo lastahili heshima ile ile.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Kumkabili mzee wa miaka 70 kwa swali la "ungependa kufia wapi?" ni ukatili. Baada ya shikamoo na kuketi, si kusimama mlangoni, mtu huweza kuanza: "Mzee, nguvu zikizidi kupungua, ungependa tukuuguze wapi? Na nani awe karibu nawe?" Wengi hujibu kwa urefu usiotarajiwa. Mwislamu huenda akataja mtu anayemtaka awepo ili amlakinie shahada. Mkristo huenda akaomba padri au mchungaji. Mwingine atauliza tu kama choo cha kule kiko mbali na kitanda.

Familia inayompeleka mgonjwa nyumbani yapaswa kuelezwa mapema yatakayotokea siku za mwisho: atalala zaidi, atakataa chakula, mikono na miguu itapoa, pumzi itakatika kwa vipindi na pengine kukoroma. Hapo halishwi kwa nguvu. Hulowanishwa midomo kwa pamba safi yenye maji. Kutokwa damu nyingi, degedege au maumivu yasiyosikia dawa ni sababu ya kupiga simu au kurudi kituoni, na kurudi huko si kushindwa. Familia nyingi huogopa pia kwamba kifo cha nyumbani kitaleta maswali ya polisi. Kwa mgonjwa ambaye maradhi yake yanajulikana, taarifa hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kifo husajiliwa kwa utaratibu wa RITA. Barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa, iliyotunzwa pamoja na kadi yake, hurahisisha kazi hiyo. Ni vema iandikwe siku ile ile mgonjwa anaporuhusiwa.