Nyongeza ya Mshahara Huenda Wapi?



Alasiri moja, baada ya darsa ya akina mama, mwalimu mmoja wa skuli ya kibinafsi alinisubiri mlangoni mwa madrasa. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za mshahara wake, moja ya mwaka 2021 na nyingine ya mwaka 2025. Akaniambia, "Maalim, leo sikuleta swali la fiqhi, nimeleta hesabu. Mshahara wangu umeongezwa, lakini masurufu hayafiki mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema nina israfu. Nami nimeanza kumdhania vibaya karani wa skuli, kwamba ananikata zaidi ya haki. Nitazamie."

Nilizichukua zile karatasi nikaenda nazo nyumbani. Baada ya Isha nilikaa na kalamu, na nilipomaliza nilimwomba Mwenyezi Mungu amsamehe kila aliyedhaniwa vibaya katika nyumba ile. Karani hakuwa na kosa, na mama hakuwa na israfu. Jambo lililomla nyongeza yake limo ndani ya sheria, limeandikwa kwa wino, na huwapata maelfu ya waajiriwa wasilijue. Ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Ngazi zisizosogea

Kodi ya mshahara, ile iitwayo PAYE, hukatwa kwa ngazi. Tangu Januari 2021, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kinachozidi shilingi 32,333 hutozwa asilimia 30. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ngazi mbili za juu, za asilimia 32.5 na 35, kwa wanaopokea zaidi ya nusu milioni kwa mwezi, nao si wengi miongoni mwetu. Kisha kila mlipa kodi mkaazi hupewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, ikatolewa katika kodi yenyewe. Kwa kuwa asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, anayepata kiasi hicho au chini yake halipi PAYE.

Sasa tutazame karatasi za mama yetu. Kwa wepesi nitaacha makato mengine, nibaki na PAYE peke yake. Mwaka 2021 mshahara wake ulikuwa shilingi 30,000. Ngazi ya kwanza ilimpasa 2,400, na zile 6,000 zilizobaki zilimpasa 1,500. Jumla ni 3,900. Ukitoa nafuu ya 2,400, kodi ni 1,500. Hiyo ni asilimia 5 ya mshahara, na mkononi zikabaki 28,500.

Mwaka 2025 mshahara ukawa 39,000. Ngazi ya kwanza ni 2,400, ya pili ni 2,083, na ya tatu, ambayo zamani hakuifikia, ni 2,000. Jumla ni 6,483. Ukitoa 2,400, kodi ni 4,083. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya mshahara. Mkononi zimebaki 34,917.

Mtu atasema, si zimeongezeka? Kwa hesabu ya noti, zimeongezeka. Lakini katika muda huo bei nazo hazikukaa. Mwezi wa Oktoba 2022 peke yake, mfumko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6 kwa mwaka. Basi tuchukulie, kwa mfano wetu, kwamba katika miaka hiyo bei za sokoni zimepanda kwa asilimia 30. Kutoka 30,000 hadi 39,000 nako ni asilimia 30. Maana yake ni kwamba mwajiri hakumtajirisha mama huyu hata kidogo. Alimrudisha pale pale alipokuwa. Ili anunue mchele, mafuta na unga ule ule alionunua kwa 28,500, yambidi awe na 37,050. Naye ana 34,917. Pengo ni shilingi 2,133 kila mwezi, yaani karibu 25,600 kwa mwaka.

Lau ngazi zingesogezwa pamoja na bei, ile ya kwanza ingekuwa 31,200 na nafuu ingekuwa 3,120. Kodi yake ingekuwa 1,950, ambayo ni asilimia 5 ile ile ya zamani. Hakuna Bunge lililokaa likapitisha kwamba mwalimu huyu alipe maradufu ya sehemu aliyokuwa akilipa. Bei zilipanda, mshahara ukazifuata, ngazi zikabaki zimesimama, na kodi ikaongezeka bila ya kupigiwa kura.

Walipotaka, walijua kurekebisha

Huenda ukadhani kwamba kuifuatisha sheria na mfumko wa bei ni jambo gumu lisilowezekana kwetu. Si kweli. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilimpa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato uwezo wa kupandisha viwango vya ushuru kwa kiasi cha mfumko wa bei. Oktoba 2022 viwango hivyo vilipandishwa kwa asilimia 6.3, na miongoni mwa vilivyoguswa ni maji ya chupa na maji ya matunda. Uwezo huo ulifutwa na Sheria ya Fedha ya 2023.

Tazama basi mizani hii. Kwa miaka kadhaa, shilingi ilipopungua thamani, serikali ilijilinda katika ushuru inaoupokea. Mwajiriwa, katika kodi anayoilipa, hakuwekewa kinga kama hiyo. Kilichokuwa halali kwa mpokeaji hakikukumbukwa kwa mtoaji.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Ngazi zimewahi kusogezwa. Baada ya kukaa zaidi ya miaka 10 bila ya kuguswa, ziliongezwa kwa asilimia 10 mwaka 2017, na asilimia 10 nyingine mwaka 2018, ngazi ya kwanza ikafika 12,298. Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ngazi hiyo ilipanuliwa hadi 24,000, na nafuu ya mwezi ikapanda kutoka 1,408 hadi 2,400. Hiyo ilikuwa rehema kubwa kwa wenye mishahara midogo. Tena serikali ina madeni ya kulipa na hospitali za kuendesha, na kila shilingi inayosamehewa lazima itafutwe pengine. Hata hivyo, nafuu inayotolewa mara moja kisha ikaachwa huliwa na bei mwaka baada ya mwaka. Hadi Sheria ya Fedha ya 2025 ilipopita, ile 24,000 ilikuwa bado ni 24,000.

Wenzetu wameliona jambo hili. Marekani, tangu mwaka 1985, ngazi za kodi ya mapato hurekebishwa kila mwaka kwa mfumko wa bei, na malipo ya wastaafu yamekuwa yakipandishwa kwa kanuni hiyo tangu 1975. Januari 2023 yaliongezwa kwa asilimia 8.7. Uingereza nayo ina desturi ya kusogeza kiwango kisichotozwa kodi, lakini imekizuia kwenye pauni 12,570 tangu Aprili 2021, na wafanyakazi wa huko wanalalamika kwa sababu ile ile aliyolalamikia mama yetu.

Kibaba hakidanganyi

Sisi tuliosoma madrasani, jambo hili halitupasi kutushangaza, kwani mafakihi wetu walilikimbia mapema. Nisabu ya zaka haikuwekwa kwa noti. Imewekwa kwa dhahabu na fedha: dinari 20, ambazo ni kama gramu 85 za dhahabu, au dirhamu 200, ambazo ni kama gramu 595 za fedha. Ndiyo maana kila Ramadhani ikikaribia masheikh hutangaza nisabu mpya kwa shilingi. Noti inapopungua nguvu mbele ya dhahabu, mstari husogea wenyewe, na aliye maskini hageuzwi tajiri kwa sababu tu noti zake zimekuwa nyingi. Zaka ya fitri nayo ni pishi ya chakula. Bei ya mchele ikipanda, haki ya fukara haipungui hata punje.

Zaidi ya hayo, katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaka ya mke imekadiriwa kwa vibaba: viwili kwa siku kwa mume mwenye uwezo, kimoja kwa asiye nacho, na kimoja na nusu kwa wa katikati. Wanavyuoni hawa walijua kwamba tumbo halishibi tarakimu.

Na aliyetaka kuona madhara ya kusahau haya, naye amesimuliwa. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyewahi kuwa muhtasib wa soko la Kairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 juu ya mfumko wa bei wa zama zake, pesa za shaba zilipojaa mikononi. Aliwataja watu tabaka kwa tabaka, na miongoni mwa walioumia sana aliwaweka mafakihi, wanafunzi na askari walioishi kwa posho maalumu. Mfanyabiashara hupandisha bei yake. Mwenye posho hungoja.

Wazee wetu na shilingi 2,000

Mwenye mshahara angalau ana mwajiri wa kumwomba. Yuko mtu wa chini yake. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango ulipopanuliwa kwa wazee mwaka 2018, kiasi kilikuwa 2,000, na miaka imepita kikiwa 2,000. Kwa mfano wetu ule ule wa asilimia 30, noti hizo zinanunua vitu vya shilingi 1,538 tu za wakati ule. Hakuna aliyemwambia bibi yetu kwamba amepunguziwa. Yeye huona tu kwamba sukari imekwisha kabla ya tarehe zake.

Kabla hatujanyoosha vidole

Ndugu zangu, tukiilaumu Hazina ya Taifa, na tutazame pia majumba yetu, kwani dhulma hii ya tarakimu iliyosimama inaingia hadi jikoni. Kuna mume aliyeweka masurufu ya siku miaka mitano iliyopita, na leo anatoa yale yale, kisha anauliza kwa nini mchuzi ni mwepesi. Kuna baba aliyekubaliana na mtalaka wake juu ya matumizi ya watoto walipokuwa wakinyonya. Sasa wako darasa la nne, na kiasi ni kile kile. Mama mwenye hali hiyo ana haki ya kwenda mahakamani kuomba kiasi kitazamwe upya. Na msichana anayeandikiwa mahari ya kuakhirishwa, walii wake na afikirie kuyaandika kwa dhahabu, ili siku ya kulipwa yawe bado ni mahari.

Nini la kufanya? Kwanza, kila mwajiriwa aisome karatasi yake ya mshahara. Ahakikishe nafuu ya 2,400 imo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF wa asilimia 2.75 na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 hutolewa kwanza, ndipo kodi ikakokotolewa. Aangalie kama imefanywa hivyo. Mwenye mchango katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa huruhusiwa kutoa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha cha Mamlaka ya Mapato hatozwi kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mwezi, na wengi hawajakiomba cheti hicho kwa kutojua.

Pili, unapoomba nyongeza, usiombe kwa macho ya noti. Hesabu bei zimepanda kwa kiasi gani, kisha hesabu kitakachobaki baada ya kodi.

Tatu, tuseme panapostahili kusemwa. Kila mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni, na Katiba inalazimisha wananchi wasikizwe. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Barua ya kikundi cha akina mama, yenye hesabu kama hii ya mwalimu wetu, ina uzito. Ombi ni fupi: ngazi za kodi, nafuu na posho za wazee zirekebishwe kila mwaka kwa mfumko wa bei, kwa sheria, isiwe hisani ya kungojewa. Wala siwaiti watu katika kukwepa kodi. Ahadi ni deni, na nchi ina haki zake. Nawaita katika kudai kipimo kilicho sawa.

Siku ya tatu yule mwalimu alirudi, safari hii na mumewe. Niliwawekea karatasi mezani, tukaipitia mstari kwa mstari. Mume alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia mkewe akasema, "Mama Zainabu, niwie radhi." Kabla ya kuondoka aliniomba kalamu, wakaanza kuandika upya masurufu ya mwezi. Safari hii hawakuanza na shilingi. Walianza na mchele: vibaba vingapi kwa siku.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atuepushe na kudhaniana vibaya, na awape wanaotutawala moyo wa kupima kwa haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.