Je, Wajua? Pua Nje, Kidevu Ndani

Je, wajua kwamba neno barakoa halikuletwa na korona? Katika karne ya 19 mabibi wa koo za Kiomani kule Unguja walivaa barakoa, kitambaa kigumu chenye tarizi kilichositiri uso na kuacha macho. Salme binti Said, yaani Emily Ruete, aliieleza kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Mwaka 2020 tukalitoa neno sandukuni na kulipa kibarua kipya.

Wanyarwanda walisema agapfukamunwa, kifunika mdomo. Wakongo wakaazima Kifaransa, cache-nez, kificha pua. Unganisha majina hayo mawili upate maagizo kamili ya matumizi. Wengi niliowaona mimi waliishia kwenye lile la kwanza.

Je, wajua kwamba dharau ya barakoa imeshamuua daktari? Majira ya baridi ya 1910 tauni ilizuka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Dkt. Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alikuwa na miaka 31 tu alipotumwa Harbin, jiji la huko. Alipasua maiti moja akagundua kuwa hii si tauni ya panya na viroboto. Imo mapafuni, na inasafiri kwa pumzi. Akaagiza watu wafunge usoni shashi iliyokunjwa, pamba katikati, kamba zikazwe kisogoni. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri na uzoefu, hakumsadiki kijana huyu. Akaingia wodini uso mtupu. Januari 1911, siku chache baadaye, naye alikuwa maiti. Tauni ile iliua watu wapatao 60,000. Baada ya Mesny, Harbin haikuhitaji kubembelezwa.

Na je, wajua kuwa ubishi huu umepita miaka 100? Wakati wa homa kali ya mafua ya 1918, San Francisco iliamuru kila mtu avae. Meya James Rolph, mwenye amri hiyo, akanaswa na mpiga picha akitazama ndondi bila barakoa. Alitozwa faini ya dola 50. Mkuu wa afya wa jiji alikuwepo ukumbini humo humo, naye uso wazi! Januari 1919 wapinzani wakaunda Ligi ya Kupinga Barakoa.

Kwenye korona, Shirika la Afya Duniani nalo liligeuza kauli. Mwanzoni mwa 2020 lilisema asiyeumwa hana haja nayo. Juni 5 mwaka huo huo likashauri umma uvae ya kitambaa, tabaka tatu, pale ugonjwa uliposambaa na watu walipobanana. Mwanzoni palikuwa na hofu ya wauguzi kuzikosa. Kisha ikajulikana kwamba mtu huambukiza hata kabla hajapiga chafya. Kubadili ushauri hakukuwa kosa, kwa maoni yangu. Kosa lilikuwa kuutoa ule wa kwanza kwa sauti kubwa kuliko ushahidi uliokuwepo.

Je, wajua kwamba barakoa ya N95 haifanyi kazi kama kifumbu cha tui? Mbishi wa kijiweni atakuambia kirusi ni kidogo kuliko tundu, kwa hiyo kinapenya. Kwanza, kirusi hakisafiri peke yake. Kimepanda vitone vya mate na unyevu wa pumzi. Pili, nyuzi za N95 zina chaji ya umeme. Sugua kitana cha plastiki kwenye nywele ukisogeze karibu na vipande vya karatasi: vinarukia. Ndivyo nyuzi zile zinavyodaka. La ajabu zaidi, chembe zinazosumbua ni za ukubwa wa kati. Zilizo ndogo kuliko hapo hunaswa kwa urahisi, kwa sababu hazitulii. Zinayumba huku na huko mpaka zinagonga uzi.

Tatizo kubwa ni mwanya. Miwani ikipata ukungu kila ukipumua, ujue hewa inatorokea juu ya pua.

Je, wajua kwamba kuna vijiji 600 vilivyofanyiwa jaribio la barakoa? Ilikuwa Bangladesh, kuanzia Novemba 2020, watu wazima wapatao 340,000. Baadhi ya vijiji viligawiwa barakoa bure, na wahamasishaji wakawakumbusha watu misikitini na sokoni. Vingine viliachwa kama vilivyo. Uvaaji ulikuwa asilimia 13 kwenye hivi vya pili, 42 kwenye vya kwanza. Huko kwenye vya kwanza, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu wakapungua kwa takriban asilimia 9, na kwa wazee waliozidi miaka 60, kwenye vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, asilimia 35. Za kitambaa hazikuonyesha nafuu ya wazi. (Nasikitika kwa ajili ya barakoa yangu ya kitenge.)

Denmark nako, majira ya kuchipua ya 2020, washiriki wapatao 6,000: walioambiwa wavae, asilimia 1.8 waliambukizwa, wasioambiwa, 2.1. Tofauti ndogo mno kuweza kuapia. Lakini jaribio lile lilimpima mvaaji tu. Halikumuuliza jirani aliyekuwa akipuliziwa.

Nami ukinibana nijibu? Ndani ya basi lililojaa au wodini, vaa. Shambani peke yako na jembe, ya nini?

Je, wajua kwamba aina moja ya mafua, B/Yamagata, haijathibitishwa popote tangu Machi 2020? Barakoa peke yake haiwezi kujitwalia sifa hiyo. Shule zilifungwa, ndege zikalala.

Kenya iliweka adhabu ya hadi shilingi 20,000 au miezi sita jela kwa kutovaa. Nilikuwa kiti cha nyuma kwenye matatu siku moja konda alipopayuka, "Maski juu! Karao wako mbele!" Zikapanda zote kwa mpigo, ya dereva ikitolewa kwenye kioo ilikoning'inizwa. Tulipovuka kizuizi cha polisi, kabla ya kituo kinachofuata, zilikuwa zimerudi kidevuni, na mwenye kiti cha dirishani akalifunga, vumbi lisimharibie shati.