Fahamu: Monita moja kwa konsoli na kompyuta

Monita inayotumika kwa konsoli na kompyuta hufanya kazi mbili tofauti: kuonyesha michezo yenye mwendo wa kasi, na kuonyesha maandishi yanayosomwa kwa saa nyingi bila kuchosha macho.

Matundu ya kuunganishia

Hapa ndipo kosa la gharama hutokea kwa urahisi. PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, hutoa picha kwa tundu la HDMI pekee. Tundu la DisplayPort hutumiwa na kompyuta. Kwenye konsoli, picha yenye ukali wa 4K inayobadilika mara 120 kwa sekunde, yaani 120Hz, huhitaji HDMI 2.1. HDMI 2.0 huishia 60Hz kwa 4K. Boksi la monita linaweza kuandikwa 144Hz, kumbe kasi hiyo inapatikana kwa DisplayPort tu, hivyo ni lazima kusoma maelezo ya kila tundu.

Ukali wa picha

Kwa monita ya inchi 27, ukali wa 1440p hutosha kwa maandishi na haielemei kompyuta. Xbox Series X iliukubali ukali huo tangu mwanzo. PlayStation 5 iliongezewa uwezo huo Septemba 2022. 4K huonyesha herufi safi zaidi, ila bei hupanda.

Sauti

Konsoli hutuma sauti pamoja na picha kupitia HDMI. Monita nyingi hazina spika, kwa hiyo tundu la hedifoni lisikosekane.