Kupita Mkanda kwa Mashua: Kwanza Hesabu Mwezi

Kila inapokaribia likizo ya Julai na Agosti, familia zinazokwenda Lamu huuliza swali lile lile: tukodi mashua twende Pate, au tutosheke na kutembea mjini? Kodini. Ila kabla ya kukaa na nahodha kuzungumza bei, jueni kwamba siku na saa ya kuondoka huamuliwa na maji.

Tazameni ramani. Baina ya kisiwa cha Manda na bara kuna njia nyembamba ya bahari iitwayo Mkanda, na jina linajieleza. Pande zote mbili ni mikoko. Vyombo vya Lamu, Pate, Siyu na Faza hupita humo ili kukwepa bahari kuu iliyo upande wa nje wa Manda. Mkienda Julai mtaielewa sababu bila kuelezwa: ni wakati wa kusi, upepo una nguvu, na nje ya miamba bahari huchafuka. Ndani ya Mkanda maji hutulia kama ya birika. Tatizo ni kwamba yakipwa, kina hupungua mno. Chombo hukwama kwenye tope, mabaharia wakashika pondo, na pondo zikishindwa mtakaa hapo mkila tende mpaka maji yarudi.

Kwa hiyo hesabuni. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Baada ya juma moja huwa maji mafu. Hapo hujaa asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana.

Maana yake ni kwamba kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni kwenu inaweza kuwaambia habari za bahari. Mwezi 1 na mwezi 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Karibu na mwezi 8 na 22 ni maji mafu. Mpeni mtoto hesabu hii: siku ya Idi ya Mfunguo Mosi, saa nne asubuhi, je, mashua itapita Mkanda? Akijibu na kutoa sababu, amejifunza jambo ambalo manahodha hulijua bila kushika kalamu.

Hesabu hiyo hiyo itawafaa mkienda Takwa, mji wa magofu ulio Manda kwenyewe. Huingia kwa mkono wa bahari uliojaa mikoko, tena maji yakiwa yamejaa tu, na lazima mtoke kabla hayajawakimbia. Takwa ilikuwa na watu katika karne ya 16 na 17, kisha wakahama, na watu wa Shela huhesabu asili yao huko. Msikiti mkuu bado una kuta zake, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara. Mimi ningeanza na Takwa kuliko Pate, hasa mkiwa na watoto wadogo, maana ni safari ya nusu siku.

Pate inataka siku nzima au kulala. Boti nyingi hushusha watu Mtangawanda, na kutoka hapo kuna mwendo mpaka Pate mjini. Siyu nayo huingilika kwa mkono wa mikoko wakati wa maji kujaa. Huko ndiko alikotawala Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona.

Mkiwa njiani itazameni hiyo mikoko. Humo ndimo zilimotoka boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Ghuba kuezekea nyumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Upande wa bara mtaona pia bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Wavuvi wana mengi ya kusema juu yake, waulizeni.

Katika mapatano, ulizeni kama bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu, nani analipa mafuta ya mashine, na chakula ni cha nani. Jaketi za kuokolea zihesabiwe kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, za watoto ziwe za watoto. Asiyekuwa nazo mwacheni, hata kama ni binamu. Kuhusu Kiwayu na mbele yake, karibu na mpaka wa Somalia, sikilizeni kwanza ushauri wa usalama wa wakati huo.

Mkishatweka, waketisheni watoto nyuma karibu na nahodha, wamuulize majina: mlingoti, foromali, tanga, joshi, damani. Atawajibu kwa Kiamu, aseme "ndia" pale mnaposema njia, na "nti" pale mnaposema nchi. Msimsahihishe.