Je, Wajua? Porsche 911 na deni la miaka 37

Porsche 911, gari linalopendwa mno na wakusanyaji wa magari ya zamani, halijawahi kushinda Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lilikaribia. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliendesha 911 akamaliza wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo ambayo wengi hawakuipa nafasi. Joginder hakuwa mgeni wa ushindi: mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walitwaa taji kwa Volvo PV544 ya mtumba!

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, wapenzi wa magari ya zamani walianzisha East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kizamani tu. Usidhani ni gwaride la kung'arisha bodi. Ni siku kadhaa za vumbi, mawe na mito iliyokauka, na mafundi hukesha usiku wakibadilisha shokamzoba.

Humo ndimo Waldegård alimolipa deni. Novemba 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda kwa Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi wake. Baba na mwana hao walikuwa wameshashinda pia mwaka 2007, safari hiyo kwa Ford Escort.